Mikono Iliyouguza: Historia ya Kujitolea kwa Wale Waliokaa na Wagonjwa

Kuugua na kuuguza ni maneno yanayotenganishwa na herufi moja tu. Mmoja amelala, mwingine amekaa kando yake. Kutoka katika shina hilo hilo tumepata muuguzi, mtu mwenye sare, cheti na mshahara. Lakini mama wa Lukuledi au wa Kitangari ambaye kwa miaka minne amekuwa akimgeuza mumewe aliyepooza, akimwogesha, akimlisha uji kwa kijiko na kuamka usiku mara tatu, hana jina la kazi. Watu husema tu, "Huyo anauguza." Siku mgonjwa akizikwa, hata neno hilo humwondokea. Arobaini ikipita, hakuna anayejua amwiteje wala amtume wapi.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, na njia moja ambayo Kanisa limekuwa nayo tangu mwanzo ya kumrudisha katikati ya watu, ingawa mara nyingi tumeitumia bila kujua tunafanya nini. Njia hiyo ni kujitolea. Tumezoea kufikiri kwamba anayejitolea ni mtu mwenye ziada: ana muda, ana nguvu, anagawa. Tukiisoma historia kwa makini tunaona kwamba wengi waliojitolea kwa namna iliyodumu walikuwa watu waliopungukiwa. Walitoka katika vyumba vya wagonjwa wakiwa hawajiamini tena, na kazi ya hiari ndiyo iliyowaonyesha kwamba walitoka na kitu mkononi.

Kwanza tuseme wazi kinachopotea, maana huku kwetu kinapotea kwa namna ya pekee. Masasi na Newala tunaishi kwa majira. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, shamba linataka mtu. Palizi haisubiri. Mikorosho inataka salfa kuanzia katikati ya mwaka, na ikifika Oktoba korosho zinaanguka na lazima ziokotwe, zianikwe, zipelekwe chama cha msingi kabla ya mnada. Anayeuguza akikosa palizi moja amekosa mwaka mzima. Akikosa mbili, mikorosho inawekwa rehani kwa jirani ili dawa inunuliwe, na hapo hata mgonjwa akipona au akifa, shamba si lake kwa misimu kadhaa. Newala kuna na suala la maji. Ukanda wa juu wa Makonde hauna chemchemi, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mteremko mkali kwenda bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mgonjwa aliyelala anahitaji maji mengi kuliko mtu mzima wa afya, kwa kumwogesha na kufua matandiko. Anayeuguza hawezi kumwacha, na hawezi kukosa maji.

Kuna hasara nyingine ambazo hazipimwi kwa kilo. Anatoka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kwa sababu hawezi kuhudhuria. Anaacha kwaya. Anazoea kuzungumza kwa sauti ya chini, ya chumbani, na akisimama mbele ya watu sauti haitoki. Tumewaona akina mama waliokuwa wahasibu hodari wa vikundi vyao wakirudi baada ya miaka mitano na kukataa hata kushika daftari la mahudhurio. Wanasema wamesahau. Baba waliouguza nao wapo, wengi kuliko tunavyokiri, ila wao huficha kwa kuwa wanaona haya kusema kwamba wamekuwa wakifua nguo za mgonjwa.

Wakati huo huo, ndani ya chumba kile, mtu huyu amejifunza mambo ambayo shule haikumfundisha. Anajua saa za dawa bila saa ya ukutani. Anajua pumzi ya kawaida na pumzi inayotisha. Anajua jinsi ya kumlaza mtu asipate vidonda vya mgongo, jinsi ya kumbembeleza anayekataa kula, jinsi ya kunyamaza mgonjwa anapomtukana kwa uchungu. Amejifunza kutunza siri. Tatizo ni kwamba hayaiti hayo ujuzi, na sisi hatujamwambia.

Kanisa la kwanza lilimwambia. Katika Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Timotheo, sura ya 5, kuna maagizo kuhusu wajane wa kuandikwa katika orodha ya Kanisa. Mara nyingi tunaisoma sura hiyo kama habari ya msaada: nani apewe chakula, nani asipewe. Lakini tazama masharti yaliyo katika mstari wa 10. Mjane anaulizwa kama amelea watoto, kama amekaribisha wageni, kama ameosha miguu ya watakatifu, kama amewasaidia wenye dhiki. Kwa maneno mengine, anaulizwa juu ya kazi za nyumbani, zile zisizo na ushuhuda ila macho ya jirani. Hizo ndizo sifa zilizomwingiza kwenye orodha. Na katika karne zilizofuata wajane hao walikuwa na nafasi yao inayojulikana katika makanisa mengi: kuomba, kutembelea wagonjwa, kuwafundisha wanawake wadogo. Kanisa lilitazama mikono ya mwanamke aliyefiwa, likaona imejaa.

Mkwewe Simoni anatajwa kwa mistari michache tu katika Marko sura ya 1. Alikuwa na homa, Bwana akamshika mkono, akainuka, akawatumikia. Wahubiri wengi humpita haraka. Sisi tunapenda kukumbuka kwamba katika nyumba hiyo kulikuwa na mtu mwingine ambaye Injili haimtaji kwa jina, yule aliyekuwa akikaa naye kabla Yesu hajaingia.

Sasa tuje nyumbani. Historia ya Ukristo Masasi huandikwa kwa majina ya maaskofu, na si vibaya, maana walifanya kazi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja kupitia Lindi akiwa na zaidi ya watu hamsini waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa. Walifika Masasi, chini ya majabali haya tunayoyaona kila siku, na hapo wakakaa. Mwaka 1882 makazi yao yalivamiwa na Wangoni, waliowaita Wagwangwara, watu wakauawa na wengine kutekwa. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ikachomwa. Mara zote mbili watu walirudi na kujenga. Tunajua nani alijenga upya kuta. Majina ya waliokaa usiku na majeruhi hayakuandikwa.

Mwaka huo huo wa 1876, mbali sana na Masasi, katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, mke wa padre mmoja aliyeitwa Mary Sumner aliwaita akina mama wa parokia nyumbani kwake. Alikuwa amelea watoto watatu, na binti yake alikuwa amejifungua. Alitaka akina mama wasaidiane kulea. Walipofika, aliingiwa na hofu kiasi cha kushindwa kuwahutubia, akawaomba waende nyumbani warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata alizungumza. Kutoka hapo umetoka umoja wa akina mama ambao leo uko katika majimbo ya Kianglikana duniani kote, pamoja na makanisa yetu ya Masasi na Newala. Tunaipenda habari hii kwa sababu ya ile wiki moja katikati. Mwanamke aliyekuwa na miaka mingi ya malezi hakuweza kusimama mbele ya wanawake wenzake sebuleni kwake mwenyewe, na hakufukuzwa kazi ya Mungu kwa sababu hiyo. Alipewa siku saba.

Huku kwetu, hospitali ndizo zilizoonyesha kwanza ni kiasi gani cha uguzaji kilikuwa kimefichwa majumbani. Daktari Leader Stirling alifika katika dayosisi ya Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, katika majengo ya miti, udongo na nyasi. Baadaye alihamia Mnero kwa Wabenediktini, akawa mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wazee wetu walimjua kama daktari wa kupasua. Lakini hospitali ya aina ile ya Lulindi, kama ile ya Ndanda na nyinginezo za misheni, isingeweza kuendeshwa kwa daktari na wasaidizi wake wachache tu. Mgonjwa alifika akiwa amebebwa kwa machela na ndugu zake, na ndugu hao hawakurudi. Walilala uani, walipika, walichota maji, walimgeuza mgonjwa, walitupa uchafu. Wapo waliokaa miezi. Walitazama vidonda vikisafishwa, wakaona maji yakichemshwa na kwa nini.

Tunaamini kwamba wengi wa watu ambao vijiji vyetu viliwakimbilia usiku, kabla ya zahanati kufika, walikuwa wanafunzi wa uani wa hospitali. Katika makazi ya wenye ukoma ilikuwa dhahiri zaidi: kabla ya dawa kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1940, na hata baada yake, wagonjwa wenye nguvu ndio waliowafunga vidonda wale waliokwisha kupoteza vidole. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa ugonjwa akawa mtu anayehitajika.

Mwaka 1946 ilianzishwa hapa Masasi jumuiya ya masista wa Kiafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, ambacho nyumba yake kuu iko Kilimani. Binti za nchi hii walivaa vazi la kitawa, wakafundisha, wakawahudumia wagonjwa na yatima. Tukiwatazama masista hao tunaona kitu ambacho mama wa nyumbani hakupewa kamwe. Sista anapomhudumia mgonjwa, kazi yake ina jina, ina kanuni, ina saa ya sala na saa ya kulala, na akichoka kuna sista mwingine. Kazi ni ile ile ya beseni na kitambaa. Lakini mmoja anatoka chumbani akiwa sista, mwingine anatoka akiwa mjane aliyekonda.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haikuchukua miaka mingi ugonjwa ukawa umeenea mikoa yote ya Bara. Tangu hapo uguzaji haukuwa tena jambo la wazee na ajali. Mama alimuuguza mwanawe, kisha mkwewe, kisha mjukuu, na majirani wakasimama mbali.

Hapa tunataka kukaa kidogo na jirani zetu wa Uganda, kwa kuwa habari ya Noerine Kaleeba inaeleza jambo hili kuliko hoja zetu zote. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, akifundisha Mulago, Kampala. Mumewe, Christopher, alikuwa masomoni katika mji wa Hull, Uingereza, alipoanguka mgonjwa mwaka 1986. Noerine alisafiri kwenda kumuuguza. Kule aliona mumewe akishikwa mkono na wahudumu, akizungumzishwa kama mtu. Waliporudi Uganda aliona namna nyingine: woga, minong'ono, watu kukwepa kitanda. Christopher alifariki Januari 1987.

Noerine angeweza kujifungia, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka huo huo, yeye na wenzake, kumi na sita kwa jumla, walianzisha shirika la TASO. Wengi wa hao wenzake walikuwa wenyewe wanaishi na virusi, na wengi walikufa katika miaka ya mwanzo. Hawakuanza na fedha wala jengo. Walianza kwa kukutana kufarijiana, wauguzaji na wagonjwa pamoja, kila mmoja akisema alichojifunza chumbani kwake. Aliyejua jinsi ya kutuliza kuhara alisema. Aliyejua jinsi ya kumwambia mtoto kwamba baba anakufa alisema. Kilichokuwa aibu ya nyumba moja kikawa mafunzo ya nyumba nyingi. TASO ilikua ikawa moja ya mashirika makubwa ya aina yake barani Afrika, na Noerine baadaye akaenda kufanya kazi na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi.

Angalia mpangilio wa mambo. Hakupona kwanza halafu akaanza kujitolea. Aliingia katika kazi ile akiwa na msiba mbichi. Pia hakuingia peke yake, wala hakupewa kazi iliyotengwa kwa wanyonge. Alipewa nafasi ya kusema anachokijua mbele ya watu waliokihitaji.

Tanzania nayo ilikuwa na mianzo yake. WAMATA ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989 na Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, ikikusanya familia zilizoguswa na ugonjwa. Mwaka 1992 ikaanza PASADA katika Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, na chimbuko lake lilikuwa kikundi kidogo cha watu waliokuwa wanaishi na virusi. Kufikia miaka ya 2000, huduma kwa wagonjwa majumbani ilikuwa imeenea katika wilaya nyingi, ikiendeshwa na serikali, mashirika na makanisa ya madhehebu yote. Wahudumu wa kujitolea walipewa mafunzo ya siku au wiki chache, wakapewa mkoba wenye glavu, sabuni, dawa ya kusafishia vidonda na dawa za maumivu. Wengine walipewa baiskeli. Wengi wao walikuwa wameuguza kwao, au walikuwa wanaishi na virusi wenyewe.

Kitu kimoja katika huduma ile hakitajwi vya kutosha, nacho ni fomu. Kila mwezi mhudumu alitakiwa kuandika taarifa na kuipeleka zahanati: nyumba ngapi ametembelea, wagonjwa wangapi, nani amepewa rufaa. Fikiria mwanamke aliyemaliza darasa la saba miaka ishirini iliyopita na tangu hapo hajashika kalamu ila kusaini mchango wa shule. Fomu ile ilimrudisha kwenye herufi. Mwezi wa kwanza aliomba mwanawe amjazie. Baada ya miezi kadhaa alijaza mwenyewe, na mganga wa zahanati aliisoma, akamuuliza swali kuhusu mgonjwa wa nyumba ya tatu, naye akajibu. Mtu aliyeulizwa swali na mganga na kulijibu hatembei tena kama zamani. Wapo walioanzia hapo wakaingia kamati za zahanati na serikali za vijiji.

Kuanzia mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, wagonjwa waliokuwa wa kulala walianza kuinuka. Ni moja ya furaha kubwa tulizowahi kuziona katika maisha yetu. Ikaleta swali ambalo hatukulitarajia: mamia ya watu waliojua kuuguza hawakuwa na wa kumuuguza.

Lazima tuseme na upande wa giza. Miradi ile ilikuwa na tarehe ya mwisho. Fedha zilipokwisha, mkoba ulibaki mtupu ukining'inia ukutani, na baiskeli ikakosa tairi. Mhudumu aliendelea kuitwa usiku, maana mgonjwa hajui habari za mfadhili. Alikwenda mikono mitupu katika nyumba zenye njaa, zikitegemea kwamba ameleta kitu. Neno lenyewe, kujitolea, limechafuliwa kidogo katika nchi yetu. Siku hizi kijana aliyehitimu uuguzi au ualimu na kukosa ajira husemwa kwamba "anajitolea" katika zahanati au shule, wakati kwa kweli anafanya kazi ya mwajiriwa bila mshahara. Na sisi Kanisani tusijifanye wasafi. Askofu akitutembelea, nani anapika? Kwenye msiba, nani anachota maji? Ni wale wale, na mara nyingi mwanamke aliyetoka kuzika ndiye anayewahi kupewa ufagio, eti atapata faraja kwa kushughulika. Ufagio alikuwa nao nyumbani. Kama kazi tunayompa ni ile ile iliyomchosha, mbele ya watu wengi zaidi, hatujamrudishia kitu.

Tofauti kati ya Lulindi, Kampala na ule ufagio si ukubwa wa kazi. Mary Sumner alipewa wiki moja. Noerine alipewa wenzake kumi na watano. Mhudumu wa majumbani alipewa fomu na mtu wa kuisoma. Katika kila habari kulikuwa na mtu wa pili aliyeona kwamba alichofanya chumbani ni elimu, akamwambia hivyo kwa sauti, akamwachia aitumie kwa mgonjwa asiye wake. Kumhudumia mgonjwa asiye wako ni kitu tofauti na kumuuguza baba yako. Unaweza kwenda nyumbani. Unaweza kukosea ukarekebishwa bila ukoo mzima kukaa kikao.

Ugonjwa unaotujaza leo si ule wa miaka ya 2000. Ni kiharusi, ni sukari, ni shinikizo la damu, ni wazee waliosahau majina ya watoto wao. Uguzaji wake ni mrefu na hauna mradi. Wanaouguza wengi wana miaka hamsini, sitini na zaidi, na wengi ni mabinti waliorudi kwao kutoka mjini kumtazama mama. Vijana wanaotuma fedha kutoka Mtwara na Dar es Salaam wanashukuriwa hadharani. Aliyerudi kuishi na mgonjwa huulizwa kwa nini hajaolewa.

Serikali nayo imepiga hatua. Kufuatia sera ya mwaka 2014, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walianza kusomeshwa kwa mwaka mmoja, na nafasi zikawa za waliomaliza kidato cha nne. Ni jambo jema kwa ubora wa huduma. Lakini lilimwacha nje ya mlango yule mama wa darasa la saba aliyebeba mkoba kwa miaka kumi. Januari 2024 ulizinduliwa mpango mpana zaidi wenye lengo la kuwafikia wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Vijana wetu watakaoingia humo watahitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kuingia nyumba yenye mgonjwa aliyelala muda mrefu: unapiga hodi vipi, unaanza kumsalimu nani, unatazama wapi na usitazame wapi. Hayo yako vichwani mwa watu wanaokaa viti vya nyuma katika Misa zetu.

Kila Jumapili tunasoma majina ya wagonjwa ili waombewe. Majina ya wanaowauguza hatuyasomi, wala hatuna daftari lake. Umoja wa akina mama wa mtaa wowote ungeweza kuliandika katika mwezi mmoja kwa kwenda nyumba kwa nyumba, na pembeni ya kila jina kuuliza mambo mawili: mtu huyu amejifunza nini, na nani atakaa na mgonjwa Jumanne alasiri ili yeye aweze kutoka. Swali la pili ndilo gumu. Mwaliko wa kwenda kumfundisha mhudumu kijana au kumtembelea jirani aliyepooza hauna maana kwa mtu asiyeweza kuvuka kizingiti. Kwa hiyo anayetakiwa kujitolea kwanza, kabla yake, ni mmoja wetu, kwa saa tatu, na kiti kando ya kitanda.